Chini ya mwembe upande nini? Ulinganisho wa mimea ya kutandaa kwa nyua za Tanga

Chini ya mwembe mkubwa wa Chumbageni au mkungu wa Raskazone hali ni ileile: ardhi tupu na ngumu, mizizi imetokeza nje, na ukoka uliopandwa masika ukifika Februari umebaki vishungi vichache vya manjano. Watu husema kivuli kimeua. Kivuli kina sehemu yake, lakini hapa pwani kinachoua zaidi ni kiu. Mizizi midogo ya mti, ile inayonyonya maji, mingi iko karibu na uso wa ardhi, palepale mmea mdogo unapotaka kunywa. Manyunyu ya dakika kumi huishia juu ya majani ya mti na hayafiki chini. Kisha kila asubuhi fagio la chelewa linaondoa majani yaliyoanguka, na yale majani ndiyo yangefunika udongo usikauke na baadaye yakaoza kuwa mbolea.

Kwa sababu hiyo, uzuri wa mmea ukiwa kitaluni hauna uzito mkubwa hapa. Tunauliza mambo matatu: unavumilia kivuli gani, unapitaje Januari na Februari kaskazi inapovuma na mvua hakuna, na unastahimili vipi maisha ya uani, yaani miguu, kuku, mbuzi na maembe yanayodondoka.

Pima kabla ya kununua

Saa sita mchana, siku ya jua, weka karatasi nyeupe chini na unyooshe mkono sentimita 30 juu yake. Kivuli cha mkono kikiwa na kingo kali, hapo pana kivuli chepesi. Umbo likionekana lakini kingo zimefifia, ni kivuli cha kati. Usipoona umbo lolote, ni kivuli kizito. Rudia mahali patatu: mita moja kutoka shinani, katikati, na chini ya ncha za matawi. Mara nyingi utapata majibu matatu tofauti chini ya mti mmoja, na hiyo ina maana kwamba mmea mmoja hautatosha. Kupunguza matawi ya chini hadi mita tatu kutoka ardhini huruhusu jua la asubuhi na la jioni kuingia kwa ubavuni, na mara nyingi hilo peke yake hugeuza kivuli kizito kuwa cha kati.

Chimba kishimo cha sentimita 20 kwa kijembe. Ukikutana na mkeka wa mizizi kuanzia juu, sahau mimea inayotaka shimo kubwa. Chagua ile inayopandwa kwa vipande vya shina na kuweka mizizi yenyewe inapotambaa.

Halafu maji. Ya bomba, yanayotoka bwawa la Mabayani, hayana shida kwa mmea wowote uliotajwa hapa. Visima vingi vya karibu na bahari ni habari nyingine: vina chumvi, na chumvi hiyo hujikusanya kwenye udongo mwembamba wa mawe ya matumbawe mpaka ncha za majani ziungue. Kama unategemea kisima cha aina hiyo, orodha yako inabaki fupi: nyasi za Pemba, reo na mkonge pori, ambayo yote imeelezwa mbele.

Mti wenyewe ndio unaoamua nusu ya jambo

Mwembe una kivuli kizito mwaka mzima, na majani yake ni magumu, hayaozi haraka. Lakini jambo kubwa chini ya mwembe unaozaa ni inzi wa matunda. Yule inzi mgeni kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003, na tangu hapo maembe yanayoanguka yamekuwa kitalu chake: funza hutoka kwenye tunda, huingia kwenye udongo chini ya mti, hugeuka pupa na kutoka akiwa inzi mwingine. Njia ya kukata mzunguko huo ni kuokota matunda yote yaliyodondoka, walau mara mbili kwa wiki, na kuyafukia kwa kina cha nusu mita au kuyafunga kwenye mfuko mweusi na kuuacha juani. Huwezi kuokota embe usiloliona. Kwa hiyo chini ya mwembe wa matunda panda mmea usiozidi sentimita 15, hata kama mrefu zaidi ungependeza.

Mkungu hupukutisha majani makubwa, mapana kama sahani, na hupukutisha mengi kwa mara moja. Jani moja linaweza kulifunika shina zima la mondo, ule mmea mfupi kama unyasi, na wiki mbili baadaye ukiliinua unakuta mmea umekuwa mweupe. Hapa unataka kinyume cha mwembe: mmea wa sentimita 25 hadi 30, wenye majani ya kusimama, ili majani ya mkungu yaanguke katikati yake na kuozea humo.

Mbuyu, msufi na mkrismasi huwadanganya wengi. Wakati wa mvua vina kivuli, wakati wa kiangazi havina jani. Mmea unaopenda uvuli ukiuweka hapo utapendeza hadi mti uvue majani, kisha jua kali liuchome katika wiki ileile maji yanapokwisha. Chini ya miti hii panda kana kwamba kivuli hakipo.

Mwarobaini una kivuli chepesi hadi cha kati na mimea mingi hukubali chini yake, ila utang'oa miche yake kila baada ya mvua. Mvinje hutandika zulia nene la vijani vyake vyembamba ambalo mimea michache tu hulipenya, na mara nyingi uamuzi wa busara ni kuliacha zulia hilo kama lilivyo.

Kwa mtazamo mmoja

| Mmea | Kivuli | Kiangazi bila kumwagiliwa | Kukanyagwa | Nafasi (sm) |
|---|---|---|---|---|
| Nyasi za Pemba | chepesi hadi cha kati | hukauka juu, hurudi na mvua | kwa kiasi | 20 |
| Nyasi kapeti | chepesi hadi cha kati | dhaifu | kwa kiasi | 15–20 |
| Karanga mapambo | chepesi hadi cha kati | wastani | kidogo sana | 25 |
| Tikini | hadi kizito | hunyauka, huota tena | hapana | huota yenyewe |
| Kongwa ya mapambo | cha kati hadi kizito | hunywea, hurudi | hapana | 20–25 |
| Reo | chepesi hadi kizito | nzuri | hapana | 25 |
| Klorofitamu | cha kati hadi kizito | nzuri | hapana | 25–30 |
| Mondo | cha kati hadi kizito | dhaifu | kidogo | 10–15 |
| Mkonge pori | wowote | bora kuliko yote | hapana | 30–40 |

Nyasi: Pemba, kapeti, na zile za kuziacha dukani

Wauzaji wengi huita kila nyasi ukoka, na hapo ndipo hela inapopotea. Ukoka wa kawaida wenye jani jembamba, pamoja na pasipalamu inayouzwa kwa vipande kama mkeka, vyote vinahitaji jua la saa sita au zaidi kwa siku. Chini ya mti hudumu msimu mmoja. Tazama jani kabla ya kulipa. Nyasi za Pemba, Stenotaphrum dimidiatum, zina jani pana la karibu sentimita moja, bapa, lenye ncha butu, na mashina manene yanayotambaa juu ya ardhi yakitoa mizizi kila kifundo.

Ndizo nyasi za kwanza za kufikiria pwani. Ni za huku, huvumilia upepo wa chumvi, hukaa kwenye mchanga na kwenye udongo mwembamba wa juu ya matumbawe. Kipando ni kipande cha shina chenye vifundo vitatu: fukia viwili, acha kimoja kichungulie. Kwa nafasi ya sentimita 20 unahitaji vipando 25 kwa mita ya mraba, na zikipata mvua ya masika nzima zitakuwa zimefunga ardhi kabla ya vuli.

Kinachoziharibu ni kukatwa chini sana. Kivulini jani ni mtego wa mwanga, na mwanga wenyewe ni haba. Ukilikata hadi sentimita tatu kama uwanja wa mpira, mmea unatumia akiba ya shina kutengeneza jani jipya, na ukirudia mara tatu akiba inaisha. Kata kwa urefu wa sentimita sita hadi nane, na kila mara usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu uliopo. Kosa la pili ni mbolea ya chumvichumvi. Urea nyingi kivulini huleta majani laini, marefu, yanayoshikwa na ukungu wiki ya kwanza ya mvua kubwa. Debe moja la samadi iliyooza kwa mita nne za mraba, mara moja mwanzoni mwa masika, linatosha mwaka mzima.

Kikomo chake kinaonekana kwa macho. Mashina yakianza kuinuka badala ya kutambaa, na vifundo vikaachana mbali huku jani likiwa moja moja, hapo mwanga umekwisha. Usiongeze maji wala mbolea. Vuta mpaka nyuma, hadi pale nyasi zinapostawi, na upande kitu kingine ndani yake.

Nyasi kapeti, Axonopus compressus, zina jani fupi, hukua chini zaidi na hazihitaji kukatwa mara nyingi, ingawa vikonyo vya mbegu huchomoza haraka. Kivulini zinakaribiana na za Pemba. Tofauti iko chini ya miguu: kapeti zinataka udongo wenye tindikali kidogo na unyevu. Kwenye udongo mwekundu wa Muheza zinapendeza sana. Raskazone, juu ya matumbawe, huwa za manjano na zikikosa maji hugeuka nyekundu. Mtu wa Muheza achague kapeti, wa ufukweni achague Pemba, na sioni sababu ya kubishana zaidi ya hapo.

Karanga mapambo au tikini?

Hizi mbili huwekwa pamoja kwa sababu zote zinafunika ardhi kwa majani laini na maua, lakini tabia zao ziko mbali.

Karanga mapambo, Arachis pintoi, asili yake ni Brazili. Ina maua madogo ya manjano, haizidi sentimita 20, na mizizi yake hushirikiana na bakteria kuingiza nitrojeni kwenye udongo, jambo ambalo mti wenyewe hunufaika nalo. Kwenye kivuli chepesi cha mwarobaini, au ukingoni mwa mwembe usiozaa, ni chaguo zuri mno. Katika kivuli kizito hurefuka, huacha kutoa maua na kubaki na matundu. Ina udhaifu mmoja mkubwa kwa wakazi wa mjini Tanga: juu ya matumbawe, ambako udongo una chokaa nyingi, majani mapya huwa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani. Huo ni ukosefu wa madini ya chuma. Yapo kwenye udongo, ila chokaa imeyafunga, kwa hiyo samadi ya nyongeza haiwezi kuyafungua kwa haraka. Ukiona dalili hiyo kwenye viraka viwili vya majaribio, acha. Panda vipande viwili au vitatu vya sentimita 15 katika kila shimo, na ujue itachukua miezi minne hadi sita kufunga. Katika miezi hiyo palizi ni kwa mkono, kila wiki mbili.

Tikini, Asystasia gangetica, huinunui. Inaota yenyewe kwenye vichaka na kando ya njia, ina maua meupe au ya zambarau hafifu, na majani yake machanga huliwa kama mboga. Inavumilia kivuli ambacho nyasi zote zimeshindwa. Chukua vipande vya shina wakati wa mvua, chomeka, na kazi imekwisha, kwani maganda yake yakikauka hupasuka na kurusha mbegu pande zote. Kasoro ni urefu: ikiachwa hufika nusu mita, hujilaza na kuficha kila kitu kilicho chini yake. Ikate hadi sentimita 15 mara mbili au tatu kwa mwaka na uwape mbuzi, ambao huipenda sana. Inafaa nyuma ya nyumba, kwenye kiwanja ambacho hakijajengwa, chini ya mifenesi isiyopitwa na watu. Mbele ya baraza, hapana.

Kwa kivuli kizito: kongwa ya mapambo, reo, klorofitamu, mondo

Mahali ambapo mkono haukutoa kivuli chochote kwenye karatasi, nyasi zimeshatoka kwenye mashindano. Mbali na tikini na mkonge pori, wanabaki hawa wanne.

Kongwa ya mapambo, Tradescantia zebrina, ndiyo ya haraka. Majani yana mistari ya rangi ya fedha juu na zambarau chini, na kipande chochote cha shina kinachogusa udongo wenye unyevu huota. Chomeka vipande vitatu kwa shimo, sentimita 20 hadi 25, na mvua zikiwa nzuri utaona ardhi imefunikwa ndani ya miezi mitatu. Haraka hiyohiyo ndiyo hatari yake: vipande ulivyong'oa na kutupa mtaroni vitaota mtaroni. Utomvu wake huwasha ngozi ya baadhi ya watu, kwa hiyo vaa glavu unapopunguza. Usiichanganye na ile ndugu yake ya zambarau tupu, Tradescantia pallida, ambayo kivulini hupoteza rangi, ikawa ya kijani iliyofifia na kurefuka ovyo.

Reo, Tradescantia spathacea, ina majani magumu kama panga fupi, kijani juu na zambarau chini, na husimama sentimita 20 hadi 30. Kwa maoni yangu ndiyo inayodharauliwa kuliko ubora wake. Hukaa kwenye nyufa za matumbawe, haibughudhiwi na upepo wa bahari, na majani ya mkungu yakianguka juu yake hupenya katikati. Kama una mkungu karibu na bahari na kisima cha chumvi, usitafute zaidi. Nayo utomvu wake huwasha.

Klorofitamu ni ile yenye majani membamba marefu, mara nyingi yenye mstari mweupe, inayotoa vitoto kwenye vikonyo virefu. Chimbua shina moja lililokomaa utaelewa kwa nini inashinda chini ya mti wa kivuli kizito. Chini ya majani yale laini pana rundo la mizizi minene, mieupe, inayong'aa, kama vidole vya mtoto mchanga. Uvunje mmoja, maji yanatoka. Hiyo ni akiba, na ndiyo inayoivusha Januari na Februari huku majirani zake wamelala chini. Ile ya kijani kitupu huvumilia kiu na giza kuliko ya mistari. Ya mistari nayo huangaza mahali penye giza, na wengi watailipia kwa sababu hiyo. Panda vitoto vyenye mizizi ya sentimita mbili, kwa nafasi ya 25 hadi 30, yaani 11 hadi 16 kwa mita ya mraba. Haina sumu kwa mtoto wala paka. Maadui wake ni chumvi, inayoonekana kama ncha za kahawia, na konokono wale wakubwa wa kwetu wanaotafuna mioyo ya mashina usiku. Waokote alfajiri, na acha udongo ukauke juu kati ya mwagilio mmoja na mwingine. Baada ya miaka miwili au mitatu mashina hubanana mpaka mizizi inasukuma mmea juu ya ardhi. Gawa, panda upya nusu, nyingine mpe jirani.

Mondo, Ophiopogon japonicus, ni kama unyasi wa kijani kilichokolea usiohitaji kukatwa. Ni mzuri sana kwenye picha. Hukua polepole mno: kwa nafasi ya sentimita 15 unahitaji mashina 44 kwa mita ya mraba na bado utasubiri zaidi ya mwaka, kwa sentimita 10 yanakuwa 100. Kaskazi ikivuma bila maji hukauka kutoka ncha hadi moyo. Ichague kwa ukanda mdogo kando ya njia ambako mpira wa maji unafika.

Chini ya mbuyu na msufi: mkonge pori

Mkonge pori, jamii ya Sansevieria, umekuwa chini ya vichaka vya pwani hii tangu kabla ya bustani zetu, na hauulizi kama leo kuna kivuli au jua. Ndio mmea ninaoupendekeza bila masharti kwa miti inayovua majani. Kuna aina ndefu na kuna fupi ya kitaluni yenye umbo la kikombe, isiyozidi sentimita 20. Aina nyingi za porini zina ncha ngumu yenye mwiba, na ncha hizo huwa sawasawa na macho ya mtoto anayetambaa, hivyo ziweke mbali na njia na mahali pa kuchezea. Gawanya kwa vipande vya shina la chini ya ardhi. Unaweza pia kukata jani vipande vya sentimita 10, ukaviacha siku mbili vikauke kidonda na kuvichomeka, lakini ile yenye kingo za manjano ikipandwa kwa jani hutoa watoto wa kijani kitupu. Kinachouua ni maji mengi tu.

Ninayoshauri uyaepuke

Potosi, ule mtambao wa majani ya umbo la moyo, hufunika kivuli kizito vizuri sana, na hapo ndipo watu hunaswa. Ukifika shinani hupanda mti, majani yake yanakuwa makubwa mara kadhaa, na gome linafichwa kiasi kwamba hutaona uozo wala mchwa mpaka tawi lianguke. Majani yake pia huunguza mdomo wa mtoto au mbuzi anayeyatafuna. Kama hakuna mtu wa kukata ukingo wake kila mwezi, nusu mita kutoka shinani, usiulete.

Wedelia yenye maua ya manjano, Sphagneticola trilobata, imo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Ni rahisi, ni ya haraka, na haiishii kwenye ua wako. Mkoa huu una mfano wa karibu: mti wa Maesopsis eminii ulioletwa Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, umeingia ndani ya msitu wa asili wa Usambara Mashariki na hadi leo haujatolewa. Mto Zigi unatoka huko milimani na kupita hadi Tanga, nayo mbegu na vipande husafiri na maji.

Mimea inayoweka maji kwenye kikombe cha majani, jamii ya nanasi la mapambo, ni nyumba ya mbu. Na ua la Usambara, Saintpaulia, lililotambulishwa kwa wanasayansi mwaka 1893 kutokana na mimea iliyotoka mkoa huu huu, ni la kivuli kweli, lakini huishi kwenye nyufa za mawe yenye unyevu. Kulichimbua porini ni kulipunguza mahali ambako limebaki kidogo, na uani halitaishi.

Kuhusu vya kula: manjano na tangawizi hukubali kivuli chepesi, lakini kuvivuna ni kuchimba, na kuchimba ni kukata mizizi ya mti. Vipandwe kwenye ukingo wa nje wa matawi tu, au kwenye viroba. Majimbi yaweke pale maji ya bafuni yanapotokea. Iliki iache Amani kwenye ubaridi, haitakubali joto la mjini.

Kupanda bila kuuumiza mti

Kosa baya kuliko yote Tanga ni kuuzungushia mti tofali na kujaza udongo au kifusi sentimita 30 ili mizizi ifunikwe na bustani ipate pa kukaa. Mizizi inahitaji hewa. Mti hautakufa mwaka huo, ndiyo maana watu hawaunganishi mambo. Utaanza kukauka ncha za juu baada ya miaka miwili au mitatu, na kufikia hapo hakuna dawa. Udongo wa kuongeza usizidi sentimita tano, na mita moja kuzunguka shina iachwe wazi kabisa.

Usilime. Tumia kijembe au muo kuchimba vishimo vya sentimita 10 kati ya mizizi, na mzizi ulio mnene kuliko kidole gumba usiukate, sogeza shimo. Weka konzi moja ya mboji kwenye kila shimo, panda, kandamiza kwa vidole, kisha tandaza majani makavu yaliyokatwakatwa kwa panga, unene wa sentimita tatu hadi tano. Makumbi ya nazi yaliyopangwa ukingoni huzuia majani yasichukuliwe na maji ya mvua.

Wakati ni wiki mbili za mwanzo za masika, mvua ikishalowesha ardhi. Vuli inafaa kwa mkonge pori na reo, kwa mingine ni kamari kwa sababu kaskazi inaingia kabla mizizi haijashika.

Piga hesabu ya maji kabla hujanunua mche hata mmoja. Mwembe ambao matawi yake yanafika mita tano kutoka shinani una takriban mita 75 za mraba za kupandwa, ukishatoa ile mita moja ya katikati. Mmea mchanga unataka lita 10 kwa mita ya mraba kila siku ya pili, kama mvua haijanyesha, kwa wiki tatu. Hizo ni lita 750 kwa mkupuo mmoja, karibu ndoo 38 kubwa. Wachache wana maji hayo. Panda robo ya duara kwa msimu, anza upande ambao mwanga unaingia zaidi, na robo ya kwanza itakupa vipando vya robo ya pili bila kulipa.

Kuku wakiachwa huparua vipando vyote siku ya kwanza. Zungushia wavu au matawi ya miiba kwa wiki sita hadi nane. Mahali pa kukalia, pa bao na kahawa, pasipandwe chochote: tandika changarawe laini na uweke njia moja inayofika hapo, maana watu watapita wanapopita. Acha pia mita mbili za wazi kutoka ukuta wa nyumba, ili nyoka asipate maficho mlangoni na wewe uone unapokanyaga usiku.

Mwaka wa kwanza, Januari na Februari, mwagilia mara moja kwa wiki, lita 10 zilezile kwa mita, jioni, kwa kuzama na siyo kwa kurashia. Mwaka wa pili klorofitamu, reo na mkonge pori hazihitaji tena. Nyasi za Pemba zipe kila wiki mbili ukitaka zibaki kijani, au ziache zikauke, zitarudi. Mondo haina ruhusa hiyo. Na fagio lihamie kwenye njia na changarawe. Ndani ya mimea majani makubwa yaokotwe kwa mkono, madogo yaachwe yaoze.